Kompyuta Moja, Mifumo Miwili

Kituo chetu cha vijana hapa Gisenyi kina kompyuta moja tu ya maana. Zingine mbili zipo, lakini moja siku hizi tunaweka juu yake thermos ya chai. Hiyo nzuri inatumia Ubuntu. Majirani Wanyarwanda wanacheka wakisikia jina, maana kwao ubuntu ni ukarimu, na kitu cha ku buntu ni cha bure. Na kweli ni bure.

Basi, dada mmoja wa kwetu akapata nafasi ya kufanya mtihani wa chuo kwa intaneti. Programu ya huo mtihani inafunga skrini ili usichungulie kwingine, na inataka Windows. Zilibaki siku kumi. Wengine wakasema futa Ubuntu, weka Windows, imeisha. Mimi nikakataa. Ndani ya ile diski mlikuwa na CV za vijana karibu wote, picha za watu waliovuka mpaka Januari 2025 vita vilipofika Goma, na sauti ya bibi mmoja akiwaelekeza wajukuu mipaka ya shamba lake kule Masisi. Hiyo huwezi kuipakua tena popote.

Nikaamua mifumo yote miwili ikae pamoja. Kwanza nilinakili kila kitu kwenye diski ya kuazima. Wewe unayesoma na una kompyuta ya watu mkononi, usiruke hapo. Kisha nikawasha kwa flashi, kwa sababu huwezi kukata mkeka ukiwa umeukalia, nikapunguza sehemu ya Ubuntu kwa GParted na kuachia Windows GB 80. Nilifanya usiku, nikiomba umeme usikatike. Ukikatika katikati ya kazi ile, ndiyo basi.

Windows ikaingia. Asubuhi nawasha mbele ya vijana, inafunguka Windows moja kwa moja. Ubuntu haionekani.

“Yaya, bintu byetu byote bimepotea?”

Nikasema hapana, lakini tumbo lilikuwa linazunguka. Kumbe Windows haikufuta kitu, ilijiweka tu mbele ya foleni. Nikazima, nikawasha nikibonyeza F12, nikachagua ubuntu, na mafaili yote yalikuwepo. Halafu kwenye faili la /etc/default/grub nikaongeza GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, nikaandika sudo update-grub, na menyu ikaonyesha yote mawili. Baadaye nikaingia BIOS nikairudisha Ubuntu iwe ya kwanza.

Nilidhani nimemaliza. Siku moja kabla ya mtihani dada akaja kujaribu. Ilikuwa saa tatu asubuhi, Windows ikasema saa moja. Mtihani wenyewe ulikuwa unafunguliwa saa tatu kamili! Angeamini ile saa, angekaa anakunywa chai huku mlango unafungwa. Sababu yake ni kwamba Ubuntu huandika saa ya UTC ndani ya kompyuta, Windows inaisoma kama saa ya hapa, na sisi Rwanda tuko mbele ya UTC kwa saa mbili. Nikarudi Ubuntu, nikaandika timedatectl set-local-rtc 1. Mstari mmoja tu, saa zikapatana.

Alifanya mtihani. Matokeo bado.

Bibi naye alikuja juzi, akaomba kusikia tena sauti yake. Nikawasha, nikachagua Ubuntu, nikamfungulia. Alipofika kwenye mti wa mparachichi alinisimamisha, akasema hapo alikosea, mpaka unapita upande wa mto. Turekodi upya.