Nyama ya Mbegha: Fedha za Umma za Ulaya, Kompyuta na Lugha za Usambara

Katika soko la mjini Lushoto ni jambo la kila siku kumwona mfanyabiashara wa kabichi au wa matunda damu akizungumza kwa simu na ndugu yake wa Mlalo kwa Kishambaa kitupu, na punde si punde akamwandikia mnunuzi wa Dar es Salaam ujumbe kwa Kiswahili. Kufikia hapo hakuna jipya; hali ya jamii kuwa na lugha mbili zenye dhima mbili imekwisha kuelezwa mara nyingi katika isimujamii. Linalostahili kutazamwa ni jambo dogo linalofuata. Mtu huyo huyo anapomwandikia ndugu yule yule wa Mlalo, aghalabu huandika kwa Kiswahili pia. Kinywani anazo lugha mbili, lakini penye kibodi anayo moja.

Maelezo ya kawaida ni kwamba alijifunza kusoma na kuandika kwa Kiswahili. Maelezo hayo ni ya kweli, ila hayatoshi. Lipo jingine lisilosemwa sana katika makongamano ya lugha, nalo ni fedha. Lugha haiingii katika mashine yenyewe. Hapana budi mtu aandike kanuni zake, akusanye matini zake, azipange na kuzisahihisha, na kazi hiyo huchukua miaka. Katika miaka hiyo mtu huyo hula, hulipa kodi ya nyumba na husomesha watoto. Nani humlipa? Kwa upande wa Kiswahili, sehemu kubwa ya jibu hilo ni mlipa kodi wa Ulaya.

Mfano ulio bora kuliko yote ni Ufini. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Chuo Kikuu cha Helsinki alitoa kielelezo chake cha mofolojia ya ngazi mbili, yaani namna ya kuiwezesha kompyuta kulitambua neno kwa kulinganisha umbo lake la ndani na umbo lake la nje. Kifini ni lugha ambamo neno moja hubeba viambishi vingi. Programu zilizotungwa kwa ajili ya Kiingereza, ambacho maneno yake hubadilika kidogo tu, hazikukifaa. Taifa la watu wasiozidi milioni 5 lililazimika kujilipia chombo chake lenyewe. Arvi Hurskainen wa chuo hicho hicho alipoanza mwaka 1985 kuunda mfumo wa kuchanganua Kiswahili, ambao baadaye ulijulikana kwa jina la SALAMA, alikuta karibu naye chombo kilichokwisha kuundwa kwa haja nyingine kabisa.

Kwa nini chombo cha Kifini kikakifaa Kiswahili? Lichukuliwe neno hawatatupikia. Ndani yake mna mofimu saba: ha- ya ukanushi, -wa- ya nafsi, -ta- ya njeo, -tu- ya yambwa, mzizi -pik-, kiambishi cha kutendea -i- na kiishio -a. Mashine inayohesabu maneno kwa kutazama nafasi kati ya neno na neno italiona neno hilo kuwa kitu kimoja kigeni, nayo itayaona hatakupikia na hawakumpikia kuwa vitu vingine viwili visivyo na uhusiano nalo. Mashine iliyofundishwa kanuni itaona kitenzi kimoja. Kwa bahati ya historia, Mfini alikuwa amekwisha kusumbuliwa na tatizo hilo katika lugha yake mwenyewe. Hakuna kamati ya misaada iliyolipanga hilo, na pengine ni vizuri haikulipanga.

Kati ya mwaka 1988 na 1992 vyuo vikuu vya Helsinki na Dar es Salaam, Dar es Salaam kwa njia ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, vilishirikiana kukusanya lugha na fasihi simulizi na kuziweka katika kompyuta. Hifadhi hiyo iliitwa DAHE, jina linaloiunganisha miji miwili. Kutoka mkondo huo ikatokea hazina ya matini ya Kiswahili ya Helsinki, ambayo toleo lake la kwanza lilikuwa na maneno yapatayo milioni 12.5, na toleo la pili kiasi cha mara mbili ya hayo. Mwanafunzi wa uzamili anayetaka leo kujua kama waandishi wa magazeti husema “kwenye” mara nyingi kuliko “katika” anaweza kupata jibu akiwa ameketi. Anapaswa tu kukumbuka kwamba anauliza Helsinki.

Mifano mingine inatosha kutajwa kwa ufupi. Mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wataalamu wa Sweden kwa msaada wa shirika la maendeleo la nchi hiyo, Sida, ulitoa mwaka 2004 programu ya ofisi ya Jambo OpenOffice. Programu ya namna hiyo isipofasiriwa upya kila linapotoka toleo jipya huchakaa, na mradi una tarehe ya kwisha ilhali matoleo hayana. Kilichodumu zaidi ni mazoea ya kubuni istilahi. Hata hivyo, tarakilishi na ngamizi ziligombana vyuoni, na neno kompyuta likawa limekwisha kuchukua nafasi mitaani.

Umoja wa Ulaya uliingia kwa kiasi kikubwa zaidi. Katika Mpango wake wa Saba wa Utafiti, wa mwaka 2007 hadi 2013, zaidi ya yuro bilioni 9 zilitengwa kwa ajili ya teknolojia ya habari na mawasiliano peke yake. Taasisi za Tanzania zilikuwa na haki ya kuwa washirika na kulipwa, na mwezi Mei 2012 mkutano wa IST-Africa, uliokuwa ukiungwa mkono na Tume ya Ulaya, ulifanyika Dar es Salaam. Katika mpango uliofuata, mradi wa GoURMET wa mwaka 2019 hadi 2022 ulishughulikia tafsiri ya mashine kwa lugha zenye matini chache, Kiswahili kikiwa mojawapo. Miongoni mwa washirika wake walikuwa Chuo Kikuu cha Edinburgh, BBC na Deutsche Welle. Kuwapo kwa mashirika mawili ya utangazaji hakukuwa kwa bahati. BBC ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1957 na Deutsche Welle mwaka 1963. Yanao wasikilizaji wa kuwahudumia, na lugha za mradi zilichaguliwa kwa kufuata haja hiyo. Kiswahili kilipata fedha kwa sababu kilikuwa na kazi Ulaya.

Kishambaa hakikuwa na kazi huko. Lakini itakuwa kosa kudhani kwamba fedha za umma za Ulaya hazijawahi kuipanda milima ya Usambara. Zilipanda mapema mno. Wajerumani waliokuwa wakiuita mji wa Lushoto Wilhelmstal walianzisha mwaka 1902 chuo cha utafiti wa mimea na kilimo huko Amani, katika Usambara ya Mashariki, kwa fedha za serikali yao. Lugha nayo haikusahauliwa. Mmisionari Karl Roehl, ambaye baadaye alijulikana zaidi kwa tafsiri yake ya Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1937, alitoa sarufi ya Kishambaa mwaka 1911 katika mfululizo wa Taasisi ya Kikoloni ya Hamburg. Mwaka 1921, mkoloni yule akiwa amekwisha kuondoka, kamusi ya Kishambaa na Kijerumani ya LangHeinrich ilichapishwa mjini humo humo.

Hata kazi za wenyeji zimefuata njia hiyo. Ruth Besha wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alieleza njeo na hali za Kishambaa katika kitabu kilichotolewa Berlin mwaka 1989, na msamiati wake uliopangwa kimada ukatolewa Tokyo mwaka 1993. Mradi wa Lugha za Tanzania ulioanza mwaka 2001, ambao mwaka 2009 ulitoa atlasi ya lugha za nchi, uligharimiwa na Sweden. Kwa hiyo Kishambaa si lugha isiyochunguzwa. Ni lugha iliyochunguzwa kwa zaidi ya karne moja, kila mara kwa mfuko wa mwingine, na kila mara matokeo yakakomea katika kitabu.

Msomaji anaweza kuuliza: kwa kuwa mfumo wa kuchanganua Kiswahili upo, na lugha zote mbili ni za Kibantu, kwa nini mfumo huo usiazimwe tu? Jibu limo katika sarufi. Kitenzi cha Kiswahili kina nafasi moja ya kiambishi cha yambwa. Husemwa “nilimpa”, na kile alichopewa mtu hubaki nje ya kitenzi. Hakuna njia ya kuviweka vyote viwili ndani. Kishambaa huruhusu viambishi vya yambwa zaidi ya kimoja katika kitenzi kimoja, na jambo hilo limewavutia wanasintaksia kwa miongo mingi. Programu iliyoandikwa kwa nafasi moja ikikutana na kitenzi cha namna hiyo itakikataa, au, vibaya zaidi, itakichanganua kwa kukosea bila kuona haya. Tena Kishambaa ni lugha ya toni, ambayo Kiswahili kimeipoteza na ambayo maandishi ya kila siku hayaionyeshi. Wanaozishughulikia lugha za Kiafrika kwa kompyuta wangefanya vyema kuacha kusema “lugha za Kibantu” kana kwamba ni nguo ya kushonwa kwa kipimo kimoja.

Si kwamba mashine hailijui kabisa jina la Kishambaa. Lugha hii ina msimbo wake wa kimataifa, ksb, na imo katika hazina ya data ya Yunikodi inayoiwezesha simu kutaja siku na miezi. Siku na miezi yenyewe kwa sehemu kubwa ni ya Kiswahili, iliyotamkwa kimlimani. Kalenda imekwisha kuingia. Kitenzi bado kiko nje.

Katika Habari za Wakilindi, tarehe aliyoiandika Abdallah bin Hemedi kwa Kiswahili na kutolewa upya mwaka 1962, husimuliwa jinsi Mbegha alivyofika Usambara kutoka Nguu. Alikuwa mwindaji wa nguruwe-mwitu. Watu wa milimani walikuwa na chakula cha shamba, na yeye alikuwa na nyama. Akawagawia, nao wakampa vyakula vyao. Kisha wakaanza kumletea mashauri yao ayaamue. Mwisho wakamfanya mtawala, na Vugha ukawa mji wa ufalme. Wapo watakaoisoma habari hiyo kuwa ni picha ya ufadhili: anayeleta nyama hatimaye huamua mashauri. Usomaji huo unavutia, lakini unamwonea Mbegha, na unamwonea Mfini pia. Mlipa kodi wa Ufini hakuja kutawala sarufi ya Kiswahili. Alilipia haja yake, na sehemu ikawafaa wengine. Katika masimulizi yale, wenyeji hawakukaa mikono mitupu. Walikuwa na cha kubadilishana, na ndiyo maana yalikuwa mapatano. Swali la kuuliza Lushoto, na Dar es Salaam pia, ni kilichowekwa mezani kwa upande wa nyumbani.

Hapo mizani hailingani. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inawahimiza watu na taasisi kuzitafiti, kuziandika na kuzihifadhi lugha za jamii, na kuhimiza hakugharimu kitu. Mwaka 2006, mjini Khartoum, Umoja wa Afrika ulizitaka nchi wanachama zitenge kwa utafiti asilimia 1 ya pato la taifa, kiwango ambacho Tanzania haijakifikia. Kanuni za utangazaji huvitaka vituo vitumie Kiswahili au Kiingereza. Kanuni hizo zina hoja yake katika umoja wa taifa, nayo si hoja ya kudharauliwa, lakini matokeo yake ni kwamba hapakusanyiki saa za sauti za Kishambaa ambazo mtafiti angeweza kuzitumia. Kiswahili kilipata fedha za GoURMET kwa kuwa kilikuwa na redio. Lugha iliyonyimwa redio hupoteza ruzuku ambayo hata haikujua ingeweza kuiomba.

Mbinu mpya za tafsiri ya mashine huhitaji mamilioni ya sentensi, na Kishambaa hakitakuwa nazo hivi karibuni. Lakini ile mbinu ya zamani ya Helsinki, ambayo vijana wa kompyuta siku hizi huiona imepitwa na wakati, haihitaji matini nyingi. Inahitaji mwanaisimu anayeijua lugha barabara, orodha ya mizizi, na subira ya kuandika kanuni moja baada ya nyingine; kwa Kiswahili sehemu kubwa ya mzigo huo ilibebwa na mtu mmoja. Maelezo ya Besha kuhusu njeo yapo, msamiati wake upo, na kwa anayesoma Kijerumani wapo Roehl na LangHeinrich. Kazi ya mwanzo, yaani kitenzi cha Kishambaa pamoja na viambishi vyake vya yambwa, inatosha kuwa tasnifu moja ya uzamili. Ada ya mwanafunzi huyo, nauli yake kutoka Mombo kupanda hadi Lushoto, na posho ya wazee wa Mlalo na Bumbuli watakaoketi naye, vyote kwa pamoja ni fedha ambazo Brussels zisingetosha kuitishia kikao. Bado hazijapata mlipaji.