Sosiot: Usiuze ng'ombe kabla hujauliza

Msomaji mpendwa, ikiwa hujawahi kufika Sosiot, panda matatu mjini Kericho na uketi karibu na dirisha. Mashamba ya majani chai yatakusindikiza hadi Belgut. Ukiamkiwa "Chamgei!" itikia "Chamgei mising!" Utaletewa mursik, maziwa yaliyogandishwa katika kibuyu kilichopakwa mkaa. Yapokee kwa mikono miwili.

Hapo ndipo utakapolisikia neno "ng'ambo". Nyumba moja nilimokaribishwa, kogo, yaani nyanya, alinisogelea na kuninong'oneza. Mjukuu wake wa kidato cha tatu alikuwa ameambiwa kwamba amepata nafasi ya kusoma Marekani kwa mwaka mmoja. Aliyeleta habari alitaka pesa za "kufungua faili". Kogo alikuwa akingojea bonasi ya majani chai, na isipotosha, ng'ombe auzwe.

"Mwanangu, mtu huyu ni wa kweli?"

"Kogo," nikamjibu, "tuulize kwanza nani anamlipa nani."

Nawe msomaji, uulize vivyo hivyo. Mpango wa Kennedy-Lugar YES, ulioanzishwa na serikali ya Marekani mwaka 2002, umewachukua wanafunzi wa sekondari, Wakenya wakiwemo, kwa mwaka mmoja wa masomo. Wao huishi na familia za wenyeji, na mfadhili hulipa nauli, bima ya afya na pesa kidogo za matumizi. Mwaka ukiisha, mtoto hurudi nyumbani.

Walio katika chuo kikuu, kama vile Kabianga hapo jirani, wana njia nyingine. Mpango wa Erasmus+ wa Umoja wa Ulaya humwezesha mwanafunzi kusoma ng'ambo kwa miezi 2 hadi 12, kisha akarudi kumalizia shahada yake. Chuo kinachompokea hakimtozi karo. Lakini sharti vyuo hivyo viwili viwe na mkataba, kwa hiyo aanze kuuliza chuoni kwake.

Mipango hii hufunguliwa na kufungwa, basi hakikisha ubalozini au kwa mfadhili mwenyewe. Pasipoti huenda ukailipia serikalini, lakini nafasi ya ufadhili hainunuliwi. Anayekuuzia hakufadhili.

Kuchangia mtoto si kosa. Mwaka 1959, vijana 81 walipopanda ndege ya Tom Mboya kwenda Marekani, jamaa na majirani walikuwa wamechanga. Lakini uchungu pia tumeuona: mwaka 2023 wazazi waliandamana Eldoret wakidai pesa walizolipa ili watoto wao wakasome Ufini na Kanada. Wengine walikuwa wameuza mali.

Tulimpigia simu yule mleta habari, tukamwomba barua ya mfadhili. Akasema yuko njiani, angetupigia baadaye. Tulikunywa chai vikombe viwiwili, na simu haikulia. Msichana aliinamisha kichwa. Machozi yalikuwa karibu.

Kogo akamshika bega. "Kesho utamwuliza mwalimu wako. Njia ya kweli haijifichi."

Kisha akachukua chombo chake akaenda kukama. Nilipoondoka Sosiot jioni ile, mvua ikianza kunyesha, ng'ombe alikuwa angali zizini.