Jina Lililodakwa Usiku

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili hapa Kampala, nasomea ualimu wa Kiswahili. Sikuwahi kufikiria kwamba majina ya tovuti hupigwa mnada kama ng'ombe au magari chakavu. Nililijua jambo hilo mwezi wa Juni mwaka jana, nilipojaribu kununua mnadani jina ambalo lilikuwa letu kwa miaka tisa.

Jina hilo lilisajiliwa na marehemu kaka yangu kwa ajili ya kikundi cha shangazi yetu. Shangazi, ambaye sisi Waganda tunamwita Ssenga, ni mwenyekiti wa akina mama kumi na wanne wanaosuka vikapu karibu na Masaka. Kaka aliwatengenezea tovuti yenye picha za vikapu na bei zake, pamoja na anwani ya barua pepe iliyoishia kwa jina hilo. Tovuti haikuwa na mapambo yoyote. Hata hivyo, kupitia anwani hiyo akina mama walimpata mteja wa Ujerumani ambaye kila mwaka aliagiza vikapu mia mbili. Karo za watoto wengi kijijini zilitoka humo, na zangu za sekondari pia. Jina lenyewe silitaji hapa, kwa sababu sasa si letu na sitaki mtu alifungue.

Kaka alifariki mwezi wa Novemba, na simu yake nikapewa mimi. Katikati ya Februari iliingia barua pepe ya Kiingereza iliyosema kwamba muda wa jina ungekwisha baada ya mwezi mmoja, na kwamba ada ya kulihuisha ilikuwa dola 15. Niliisoma, nikaifuta. Wiki tatu baadaye ikaja nyingine. Nayo nikaifuta. Nilidhani ni matapeli, maana matapeli wanaotuma ankara za uongo za majina ya tovuti wapo kweli. Leo najua kwamba ICANN, shirika linalosimamia mfumo wa majina ya intaneti duniani, linazitaka kampuni za usajili zimkumbushe mwenye jina takriban mwezi mmoja kabla ya muda kwisha, na tena takriban wiki moja kabla. Barua zile zilikuwa za kweli. Kadi ya benki ya kaka ilikuwa imefungwa pamoja na akaunti yake, kwa hiyo hakuna aliyelipa.

Mwanzoni mwa Juni Ssenga alinipigia simu. "Mwanangu," aliniambia, "yule Mjerumani amenyamaza. Na picha zetu kwenye simu hazifunguki." Moyo ulinilipuka. Nilikumbuka zile barua mbili, lakini sikumwambia kitu. Nilimjibu tu kwamba nitaangalia.

Nilimwendea rafiki yangu tunayeishi naye hosteli, anayesoma sayansi ya kompyuta. Alilitafuta jina katika orodha ya usajili, akatikisa kichwa. Alinieleza kwamba jina la .com likikwisha muda halifi siku hiyo hiyo. Kwanza kampuni ya usajili inaweza kulishikilia kwa siku zisizozidi 45, na kwa kawaida mwenyewe hulilipia wakati huo bila taabu kubwa. Baadaye huja siku 30 za kulikomboa, ambapo mwenyewe bado anaweza kulirudisha, lakini kwa ada kubwa zaidi. Mwisho ni siku tano za kusubiri kufutwa. Katika siku hizo tano hakuna awezaye kuligusa, hata aliyekuwa nalo. Jina letu lilikuwa limeingia katika siku hizo tano.

"Basi tusubiri lifutwe, tulisajili upya kwa ada ya kawaida," nilisema.

Rafiki yangu alicheka, kisha akaona kwamba mimi sicheki. Akanitolea mfano wa bomba la maji la mtaani kwetu. Daftari kuu la majina yote ya .com liko mikononi mwa kampuni ya Marekani iitwayo Verisign, na kampuni za usajili zenye kibali pekee ndizo zinazoruhusiwa kuomba jina humo. Kila kibali kina kikomo cha maombi, kama vile kila mtu bombani aruhusiwe dumu moja. Basi zikatokea kampuni za kudaka majina. Zilikusanya vibali kwa mamia, kama mtu anayepeleka watoto mia bombani, kila mmoja na dumu lake. Jina linapofutwa, kompyuta zao hupeleka maombi kwa wingi, na hulidaka kabla mtu wa kawaida hajamaliza kuandika herufi ya kwanza. Kufuta huko hufanyika mchana wa Marekani, ambao kwetu ni usiku.

Njia iliyobaki ilikuwa kuagiza jina kwa mojawapo ya kampuni hizo. Bei ya kuanzia ilikuwa dola 59, na hulipi kitu jina lisipodakwa. Ukiwa peke yako uliyeliagiza, unalichukua kwa bei hiyo. Mkiwa wengi, mnapambanishwa mnadani. Nilimweleza Ssenga. Baada ya siku mbili akina mama walinitumia shilingi 600,000 walizochanga, ambazo ni kama dola 160. Hakuna aliyeniuliza jina lilipoteaje. Waliamini kwamba lilikufa pamoja na kaka.

Jina lilidakwa. Asubuhi nilipata ujumbe kwamba tulioliagiza tulikuwa watatu, na kwamba mnada ungechukua siku tatu.

Nilishangaa nani angelitaka jina la vikapu vya Masaka. Rafiki yangu alinifafanulia kwamba hawakutaka vikapu. Walitaka umri wa jina na njia zilizoelekea kwetu. Kwa miaka tisa tovuti za watalii na za wauza sanaa zilikuwa zimetaja anwani yetu, na mitambo ya kutafuta huipa heshima tovuti inayotajwa na wengi. Mtu akilinunua jina la namna hiyo, anajaribu kuirithi heshima hiyo kwa kazi yake mwenyewe, iwe ya kuuza dawa au kuchezesha kamari. Sifa njema ambayo akina mama waliijenga kwa vidole vyao ndiyo iliyokuwa ikiuzwa.

Usahaulifu huu hauwapati wanyonge tu. Mwezi Desemba 1999 kampuni ya Microsoft yenyewe ilisahau kulipia jina la passport.com, ambalo watu walilipitia ili kufungua barua zao za Hotmail. Watumiaji wengi walikwama wakati wa Krismasi, mpaka mwandishi wa programu mmoja wa Marekani alipolipa dola 35 kwa kadi yake. Microsoft walibahatika, kwa sababu muda wa jina lao ulikuwa umepita lakini halikuwa limefika kwa wadakaji. Sisi tulikuwa tumechelewa.

Siku mbili za kwanza dau halikuvuka dola 80. Usiku wa tatu, zilipobaki dakika chache, likaanza kupanda. Washindani sikuwaona. Kila mmoja alikuwa jina la bandia tu kwenye kioo. Nilikuwa nimesoma kwamba mwaka 2009 SnapNames, mojawapo ya kampuni kubwa za minada hii, ilitangaza kwamba mfanyakazi wake alikuwa akiweka dau kwa jina la uongo tangu 2005, dhidi ya wateja wa kampuni yake mwenyewe. Kwa hiyo kila dau lilipopanda nilijiuliza ninashindana na nani. Na kila mtu alipoweka dau katika dakika za mwisho, muda ulirefushwa kwa dakika tano. Ukidhani umeshinda, saa inaanza upya.

Nilifika dola 160. Hapo fedha za akina mama ziliisha. Ndani ya akaunti yangu kulikuwa na kodi ya hosteli ya muhula mzima. Niliweka 180, mwenzangu akaweka 185. Niliweka 200, akaweka 205. Mikono ilikuwa inatetemeka. Nilijua ninachokifanya. Nilikuwa najaribu kulipa dola 15 za Februari kwa siri, ili nisije nikaulizwa.

Zikiwa zimebaki dakika nne nilimpigia Ssenga simu, ingawa ilikuwa karibu usiku wa manane. Nikamwambia bei. Yeye huhesabu kwa vikapu, na kikapu cha kati wanakiuza dola 8.

"Ni vikapu vingapi sasa?" aliuliza.

"Ishirini na sita, Ssenga."

"Basi acha, mwanangu. Kusuka tulianza kabla ya jina hilo."

Nikaacha. Nilitazama dakika zikihesabika mpaka sifuri. Kisha, tukiwa bado kwenye simu, nilimweleza habari za barua mbili nilizozifuta. Alikaa kimya muda mrefu. Nilitegemea kugombezwa, na ningeona nafuu. Badala yake aliuliza, kama anayejiuliza mwenyewe, "Kwa nini watu wazima kumi na wanne tuliacha mambo yetu yote ndani ya simu moja, kisha tukamkabidhi mtoto aliyefiwa?"

Mwezi uliofuata nililifungua jina lile. Lilikuwa tovuti ya kamari, kwa lugha nisiyoijua. Lakini jambo lililotutisha zaidi halikuonekana kwa macho. Aliyelinunua angeweza kuunda anwani ya barua pepe ileile tuliyokuwa nayo, akapokea barua za wateja wetu na kuwajibu kwa jina letu. Ilitubidi tuwatafute mmoja mmoja. Namba ya Mjerumani tuliipata kwenye karatasi ya zamani ya kusafirishia mizigo. Mwaka huo aliagiza vikapu 120 badala ya 200.

Sasa kikundi kina jina jipya linaloishia kwa .ug. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nasi tumenunua daftari. Ndani yake imeandikwa kampuni ya usajili, tarehe ya kulipa, na majina ya akina mama watatu wanaoijua nywila. Vikumbusho vinakuja katika simu zao wote watatu.

Muhula uliopita mhadhiri wetu wa msamiati alitufundisha kwamba kikoa, neno ambalo leo hutumika kwa majina haya ya intaneti, tangu zamani lina maana nyingine. Ni chakula ambacho watu hula pamoja, kila mmoja akikigharimia kwa zamu. Nilipokwenda Masaka likizo nilimsimulia Ssenga. Alilipenda neno hilo, ingawa Kiswahili chake ni kidogo. Akafungua daftari, akaorodhesha zamu za kulipia jina kwa miaka kumi na mitano, mwaka mmoja kwa kila mtu. Nilimkumbusha kwamba wao ni kumi na wanne. Hakujibu. Alinigeuzia daftari nione mstari wa kwanza, na jina lililoandikwa pale lilikuwa langu.