Miti Iliyokosa Kazi Kashozi

Mteremko wa Kashozi, huko Bukoba, unaotazama Ziwa Victoria ulikuwa na kichaka nilichokijua mti kwa mti. Juu ilisimama mihumula, chini yake mishambya iliyotapakaza maua ya njano njiani tulipopita kwenda chemchemi, kisha mibilizi. Pale kibanja cha ukoo mmoja, yaani shamba la migomba na kahawa, kilipokutana na cha mwingine, ilipandwa milamula.

Bibi hakuwa na mti wa bure. Muhumula ulitoa mbao, mushambya ulitoa nguzo. Mtoto akiumwa tumbo, Bibi alichuma majani ya mubilizi na kuyafikicha katika maji ya baridi mpaka povu la kijani likatanda. Uchungu wake ulikaa ulimini hadi jioni. Mutoma nao, alinieleza, ulibanduliwa gome zima, kigogo kikaviringishwa majani ya mgomba hadi gome jipya liote. Lile la kwanza lilipondwa kwa nyundo za mbao, likawa lubugo, vazi la wazee wake.

Wengi husema kichaka kiliisha kwa tamaa. Mimi naona miti ile ilikosa kazi. Misheni ya Kashozi ilianza mwaka 1892, na waliosoma huko walivaa pamba. Mabati yakaondoa misonge, vidonge vikaondoa mubilizi. Kisha bei ya kahawa ikaanguka, na watu wakahitaji mti wa kuuzika upesi. Mkaratusi hukatwa baada ya miaka michache na kuchipua tena kisikini. Nani angemlaumu mzazi mwenye ada ya kulipa?

Kinachoniuma zaidi ni rweya, ile nyika ya nyasi iliyo juu yetu, ambayo sasa imejaa misindano. Mvua ya Bukoba, inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, huosha rutuba bila huruma. Kibanja kiliishi kwa kulishwa samadi na nyasi za rweya tulizobeba kichwani. Chini ya msindano hukuti nyasi za kukata.

Mishambya inarudi mipakani, maana mafundi seremala wanaitaka. Mubilizi hujiotea hata kwenye ua. Mutoma hakuna anayeupanda, ingawa haudai mbegu wala kitalu: unachomeka tawi tu ardhini wakati wa mvua. Nimewaomba wadogo zangu watenge ukingo wa chini wa kibanja kwa ajili yake.