Mluzi wa Uani

Asubuhi moja ya mwaka 1996, Kindu ikiwa bado Zaire, niliamka nikakuta cherehani yangu haipo. Uani mume wangu alikuwa akipiga mluzi. Ulikuwa usiku wa nne hajalala.

"Mama Watoto, tumetajirika," akaniambia. "Nimempa mtu wa mitumbwi. Tutasafirisha mchele hadi Ubundu!"

Alikuwa fundi wa reli, mtu wa maneno machache. Nilivuka Lualaba hadi Alunguli kuitafuta cherehani. Mke wa mwenye mitumbwi aliitoa kimya, akanisaidia kuibeba hadi ufukweni. "Chukua, dada. Kaka yangu pia alikuwa hivyo." Hakunidai kitu.

Wiki tatu baadaye mluzi ukakatika. Mume wangu akageukia ukuta, nikawa namlisha sombe kwa kijiko kama mtoto. Wakwe walisema nimemroga. Tulizunguka vyumba vya maombi, tukifunga na kukesha, na kila mkesha ulimzidishia moto.

Kuna jambo sikuwahi kumwambia mtu: siku zake za ukutani zilinipa nafuu. Zilinitia uchungu, lakini nilijua yuko wapi. Niliweza kushona, watoto wakapata ada ya shule. Nilichoogopa ni furaha yake. Akicheka kwa sauti, mimi nilikuwa nikihesabu sufuria na kuficha fedha ndani ya unga.

Oktoba 1998, waasi wa RCD walipouteka mji, majirani walilala chini ya vitanda. Mimi nilikaa mlangoni nimeshika shati lake kwa mikono miwili, maana alitaka kutoka akawasalimie askari.

Ni mwaka 2005 tu tulipopata nafasi kwenye ndege ya mizigo kwenda Bukavu, katika kituo cha Sosame cha wagonjwa wa akili. Daktari aliuita ugonjwa wa bipola: mtu hupanda mno, kisha huporomoka. Alimwandikia kabamazepini, dawa ambayo wenye kifafa pia hupewa. Akanionya: "Akikosa usingizi usiku mbili, mama, usingoje wa tatu."

Tukarudi. Vidonge vikamtuliza, akaanza kutengeneza baiskeli za watu chini ya mwembe. Jioni moja nikiwa jikoni nikasikia mluzi. Niliacha ugali motoni nikakimbilia chumbani. Cherehani ilikuwa pale pale, na kitambaa bado kiko chini ya sindano.

Nilipogeuka, alikuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa grisi. Aliitazama cherehani, akanitazama mimi ninavyohema.

"Nilikuwa nimelala vizuri tu, Mama Watoto," akasema.

Tuliishi pamoja miaka kumi na mmoja mingine, hadi alipofariki. Sikumsikia tena akipiga mluzi.