Zege la Pozolana: Kumbukumbu za Kazi Mbeya

Saruji yenye kaboni kidogo ni ile iliyopunguzwa klinka, nafasi yake ikachukuliwa na majivu ya volkano (pozolana), udongo wa mfinyanzi uliochomwa au unga wa mawe ya chokaa. Klinka, kiini cha saruji kinachotengenezwa kwa mawe ya chokaa, huokwa katika joto la nyuzi 1,450 hivi, na zaidi ya nusu ya hewa ukaa inayotoka haitokani na makaa ya mawe, bali na mawe ya chokaa yenyewe yanapovunjika kwa joto. Hata moto ungekuwa safi kiasi gani, hewa hiyo ingetoka tu. Ndiyo maana njia ya mkato ni kutumia klinka kidogo.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi ameishi kwa kazi ya zege mkoani Mbeya, mahali ambapo majivu ya volkano yametapakaa kuzunguka Rungwe na saruji ya pozolana ni bidhaa ya kawaida dukani. Mafundi wengi waliiita dhaifu. Si dhaifu, ila haina haraka. Klinka ikikutana na maji hutoa gundi pamoja na chokaa ya ziada. Pozolana huila chokaa hiyo polepole na kuigeuza gundi nyingine. Kazi hiyo huendelea kwa miezi, mradi unyevu upo.

Mkandarasi mmoja alitaka mirunda ya slabu ing'olewe siku ya 7. Ilikuwa Julai, na baridi ya Mbeya huzidi kuchelewesha zege. Michemraba ya milimita 150 ilitolewa kwenye pipa la maji, ikafutwa, ikawekwa kwenye mashine. Wa siku 7 ulipasuka mapema mno, na mirunda ikabaki. Wa siku 28 ulifikia daraja lililoandikwa kwenye mchoro, na ule uliotunzwa hadi siku ya 90 ukalipita kwa mbali. Mabishano yaliishia hapo, kwa sababu kila aliyekuwapo alisoma mshale mwenyewe.

Kinachoua zege hili ni ukavu. Slabu ilifunikwa magunia ya katani na kumwagiliwa asubuhi, mchana na jioni kwa siku 14, Jumapili ikiwemo. Palipoachwa wazi, uso ulitoa vumbi ukikwanguliwa kwa msumari. Palipofunikwa, msumari uliteleza.

Kosa jingine la kawaida ni kuongeza mfuko wa saruji kila fundi anapoona shaka, kisha kuongeza maji ili mchanganyiko ulainike. Hapo kaboni iliyookolewa kiwandani hurudi yote kwenye eneo la ujenzi, na zege halipati nguvu. Kokoto zilizooshwa, mchanga usio na udongo na maji yaliyopimwa viliokoa saruji nyingi kuliko hotuba yoyote.

Yapo pia manufaa yasiyohusu hewa. Msingi mnene haupati joto kali la ndani linaloupasua, na katika miji ya pwani kama Tanga na Dar es Salaam, zege la pozolana lililotunzwa vizuri huzuia chumvi kufikia nondo. Kwa nguzo zinazotakiwa kubeba mzigo mapema, mhandisi achague saruji ya daraja la nguvu la 42.5 bila kuona aibu.

Anayeandaa mkataba wa ujenzi aandike humo siku za kumwagilia na siku ya kung'oa mirunda, na maji hayo ayatengee fedha.