Mwanya wa Mama: Uzuri Katika Foto Zinazotengenezwa

Katika nyumba yangu hapa Eringeti kuna foto mbili za mama yangu. Mtu asiyetufahamu anafikiri ni wanawake wawili, pengine dada na mdogo wake. Nataka kueleza namna gani tulifika pale, juu foto hizo zimenifundisha jambo ambalo sikulisoma hata ISP.

Mama alikufa kwa ugonjwa mwaka 2019, kule Butembo, wakati tulikuwa tumekimbia vita. Tangu mauaji yalipoanza katika teritware ya Beni mwezi wa Oktoba 2014, sisi watu wa Eringeti tumekimbia na kurudi mara nyingi. Katika kukimbia, mtu anabeba watoto, godoro na sufuria. Foto za jamaa zinabaki ukutani. Tuliporudi mara moja, ukuta wenyewe haukuwapo. Kwa hiyo, siku ya kifo chake, sura ya mama ilibaki mahali pamoja tu: kwenye karte yake ya uchaguzi ya mwaka 2017, ambayo kwetu Kongo inatumika pia kama kitambulisho.

Nikaipeleka kwa kijana mmoja mwenye studio, aikuze na kuitia katika fremu ya kubeba mbele ya sanduku. Nilimwambia neno moja tu: “Mudogo yangu, uifanye muzuri, ni ya kilio.” Akajibu: “Usikuwe na mashaka, mwalimu.”

Kesho yake nikaona kazi. Ngozi ya mama, ambayo ilikuwa nyeusi ya kung'aa, imekuwa nyeupe kama ya mtu aliyejichubua miaka mingi. Mikunjo yote imepotea. Kovu dogo juu ya jicho, alilolipata shambani akiwa msichana, halipo. Na ule mwanya katikati ya meno ya mbele umefungwa kabisa. Nyuma yake kumewekwa maua na ngazi za jumba ambalo mama hakupanda hata siku moja. Sikusema kitu. Wakati wa kilio mtu hana nguvu ya kubishana. Tena, niseme ukweli, nilifikiri: kweli ni safi.

Mama mdogo, yaani mdogo wake marehemu, alifika jioni. Alisimama mbele ya fremu kwa muda mrefu, akauliza: “Huyu mama ni wa wapi? Dada yangu iko wapi?” Tukamwambia ni yeye. Akatikisa kichwa: “Dada yangu alikuwa na mwanya. Baba yenu alimupendaka juu ya ile mwanya. Sasa muko nalia nani?” Watu wengine walicheka kidogo, kama inavyotokea hata kwenye kilio. Mimi sikucheka.

Lakini kilichonichoma zaidi kilikuja siku chache baadaye. Binti yangu, aliyepewa jina la mama, ana mwanya ule ule. Aliniuliza: “Papa, mwanya ni mubaya? Mbona ya mama muzee baliifunga?” Tangu siku ile akaanza kufunika mdomo kwa mkono kila akicheka.

Hapo nilirudi studio kwa hasira. Kijana akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa heshima: “Mwalimu, ulisema niifanye muzuri. Njo vile batu banaombaka. Nikitoa foto nyeusi, banasema studio yangu haina kazi.” Akanionyesha ndani ya ordinatere yake mifano anayoitumia: meno yaliyopangwa sawasawa, ngozi laini, makoti, maua. Yote yalitoka mbali. Hasira ikapungua, juu alisema kweli. Mimi ndiye niliyetoa agizo, na mifano yake yote ilielewa neno “muzuri” kwa namna ya watu wengine.

Baadaye nilisoma kwamba mwandishi mmoja Mwamerika, Esther Honig, alifanya jaribio hilo kwa makusudi. Mwaka 2014 alituma foto ya uso wake, bila kujipaka kitu, kwa watengenezaji wa foto katika nchi zaidi ya 25, na kati yake Kenya. Agizo lilikuwa moja: mnifanye mrembo. Foto zikarudi, na kila moja ni ya mwanamke mwingine. Huyu amempaka rangi nyingi machoni na midomoni, yule amempa ngozi nyeupe zaidi, mwingine amebadili nywele. Kutoka Maroko alirudi amefunikwa kichwa kwa kitambaa. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alitumia kipimo alichokuwa nacho. Tofauti na kwetu ni kwamba yeye alikuwa hai na uso wake wa kweli ulikuwa mkononi. Mama yangu hakuweza kurudi kuonyesha mwanya wake.

Na kwa nini mwanya? Kwetu, na mpaka pwani kule Mombasa na Zanzibar, mwanya wa meno ya mbele unahesabiwa kuwa pambo. Hata Wafaransa wanayaita meno ya namna hiyo “meno ya bahati”. Lakini kwa mifano ya ordinatere, mwanya ni kasoro ya kuziba. Tuwafikirie pia jirani zetu Bambuti wa msitu huu: wazee wao walichonga meno ya mbele yawe na ncha, na hiyo kwao ilikuwa urembo. Mtengenezaji wa foto angeyanyoosha, akifikiri anasaidia.

Tukipita Ituri na kwenda mbali kaskazini, tunafika kwa Wamangbetu. Zamani walifunga vichwa vya watoto wachanga kwa kamba ili virefuke kwenda nyuma, na mtindo wa nywele uliongeza urefu huo. Msafara wa magari ya Citroën, ulioitwa Croisière noire, ulipita huko kati ya mwaka 1924 na 1925. Foto ya mwanamke mmoja, Nobosudru, iliyopigwa kwa upande ili kichwa kionekane vizuri, ilijulikana sana Ulaya, hata ikageuzwa sanamu ndogo ya kupamba mbele ya magari. Basi wageni wanaweza kuharibu sura kwa njia mbili. Leo wanatufuta ili tufanane na wao. Zamani walichagua kile tu kinachotufanya tuonekane wa ajabu.

Hata mashine yenyewe haikuwa bila upande. Wengi wa rika langu tuna foto ya darasa ambamo haujui nani ni nani: nyuso ni nyeusi tititi, meno tu yanaonekana. Tulifikiri ni kosa la ngozi yetu. Kumbe kwa miaka mingi rangi za filamu za Kodak zilipimwa kwa kadi yenye foto ya mwanamke mweupe, iliyoitwa kadi ya Shirley. Kati ya waliolalamika ni wauzaji wa chokoleti na wa samani za mbao, juu bidhaa zao za rangi ya kahawia hazikutoka vizuri, na filamu zikarekebishwa baadaye. Ni jambo la kufikirisha kwamba kabati na chokoleti vilisikilizwa.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kila kitu cha zamani ni chema. Kufunga kichwa cha mtoto na kuchonga meno ni mateso, na sitaki yarudi. Wala kutengeneza foto hakukuanza na ordinatere: mafotografe wa zamani walichora juu ya negatifu kwa kalamu ya risasi ili kufuta makunyanzi, na mama mwenyewe hakuenda kupigwa foto bila kujipaka poda. Mtu ana haki ya kujipamba. Lakini poda aliichagua yeye. Mwanya wake tuliufunga sisi, akiwa hawezi tena kusema.

Mwaka uliofuata niliwapa wanafunzi wangu wa darasa la tano kazi ya kuuliza wazee nyumbani: zamani mtu mzuri alijulikana kwa nini? Darasani kuna Wanande, Wambuba na wengine, kwa hiyo majibu yalitofautiana. Walileta shingo yenye mikunjo, mwanya, miguu iliyojaa, ngozi inayong'aa kwa mafuta. Lakini wazee wengi walitaja mambo yasiyoingia ndani ya foto: namna ya kusalimia, sauti, namna mwanamke anavyotembea na mzigo bila kuugusa. Msichana mmoja alisoma jibu la mama mzee wake: “Muzuri ni mutu ukikutana naye, njaa inapunguka.” Darasa lilicheka, halafu likanyamaza.

Nilimrudia yule kijana wa studio mara ya tatu, na karte mkononi. Safari hii nilieleza vizuri: futa madoa ya plastiki, ongeza mwanga, ukuze, lakini usiguse ngozi, kovu wala meno. Alifanya kazi nzuri sana. Nilijifunza kwamba kusafisha foto ni kitu kimoja, na kubadili uso ni kitu kingine. Foto hiyo ndiyo ya pili hapa nyumbani. Ya kwanza sikuitupa, juu ndiyo watu waliyoililia, na nataka watoto waone tofauti. Binti yangu siku zingine anacheka bila mkono, siku zingine bado anafunika. Kuziba mwanya kulichukua dakika chache. Kuufungua tena moyoni mwa mtoto kunachukua miaka.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, hasa sisi tuliopoteza nyumba na wapendwa: tuhifadhi foto ya kwanza kabla ya kuitengenezesha. Tuandike nyuma yake jina, mahali na mwaka. Na tukifika studio, tusiseme tu “ifanye muzuri”. Tuseme nini kisiguswe, juu huyo fundi hakumjua marehemu. Sisi ndio tuliomjua.